Nani Aliyekupangia Shati?

Ndugu msomaji, hebu jitazame hapo ulipo kabla hatujaanza safari. Shati ulilovaa ulilipanga lini? Mwezi uliopita? Mwaka uliopita? Au lilikukuta tu njiani, mchuuzi akakuita, "Braza, hii kitu yako kabisa," ukatoa elfu tano ukaondoka nalo, ukasahau kwamba nyumbani ulitumwa sukari?

Mimi nakiri mbele yenu: mpaka Desemba iliyopita nilikuwa sijawahi kupanga nguo. Nguo zilikuwa zinanijia zenyewe, na nyingine zilikuwa zinanikimbia. Kilichonizindua ni koti.

Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani. Kidato cha nne nimemaliza, cheti ninacho, kalamu ninayo, koti sina. Nikaazima kwa jamaa mmoja wa mtaani kwetu. Kazi sikuipata, na kwa hilo koti halina lawama. Siku ya tatu yake nilikuwa kijiweni nawasomea washikaji sura ya tisa ya riwaya yangu, sura ninayoipenda kuliko zote, jamaa akatokea upande wa pili wa barabara akapaza sauti: "Oya, mwandishi! Lete koti langu bwana, nina msiba mie!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Sura ya tisa ikaishia hapo. Wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, ila mimi nilikuwa naichukulia kuwa ni methali ya kujibia mtihani tu.

Basi Jumapili ya mwisho ya Desemba nikaligeuza daftari la riwaya nikaanza kuandika upande wa nyuma. Juu nikaweka kichwa: Mpango wa Nguo, Januari hadi Desemba. Koti moja la mtumba, shilingi 30,000. Suruali mbili za kushonesha, 60,000. Mashati matatu, 24,000. Viatu vyeusi, 35,000. Soksi na nguo za ndani, 15,000. Jinzi na raba za kutingia kijiweni, 70,000. Sare ya harusi ya kaka yangu mwezi wa nne, 90,000. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama vile naiba, nikaandika: kuchapa na kujalidi mswada, 60,000. Jumla 384,000. Akiba yangu yote, niliyoikusanya kwa kibarua cha kupiga fotokopi kwenye duka la steshenari, ilikuwa 210,000.

Nikalibeba daftari nikaenda Temeke kwa Babu. Babu yangu ana miaka 79 na amekuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Nilidhani atanisaidia kukata bei ya suruali.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na njaa au na maneno?"

Nikampa daftari. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari huku kidole kikitembea kama anafuata mshono. Alipofika chini akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanamume kakaa kitako, kashika kalamu, anajipangia nguo za mwaka mzima! Sisi tulikuwa tunapangiwa, baba."

"Mnapangiwa na nani, Babu?"

"Na kila mtu. Isipokuwa sisi wenyewe."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Lakini maneno yale yaligoma kutoka kichwani. Wiki iliyofuata nikaenda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed nikaanza kufukua vitabu, na kila jioni nilirudi kwa Babu kumuuliza ya enzi zake. Haya ninayokuandikia nimeyachuma pande zote mbili.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba mpango wa nguo wa mwaka mzima si jambo geni hapa pwani. Januari 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alishuka Unguja. Alikuwa ametumwa kumtafuta Dk. Livingstone. Huko bara alikokuwa akienda, nguo ndiyo iliyokuwa fedha: unataka mtama, toa nguo, unataka kupita kwa mtemi, toa nguo. Stanley akawauliza wafanyabiashara wenyeji, kisha akaketi na kalamu. Akaambiwa kwamba watu 100 wangehitaji doti 10 kwa siku ili wale. Doti moja ni shuka mbili, yaani yadi 4. Kwa mwaka mmoja akaandika doti 2,000 za marekani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za vitambaa vya rangi. Jumlisha mwenyewe. Utapata 3,650, yaani doti 10 kwa kila siku ya siku 365, bila kuzidi wala kupungua. Kisha akazidisha mara mbili, maana safari ingeweza kufika miaka miwili.

Nilipoona hesabu imekubali nilipiga meza mpaka mkutubi akanitazama kwa jicho baya. Tazama: Januari, mwandishi, kalamu, orodha ya nguo za mwaka. Sawa na mimi! Tofauti ni kwamba yeye hakuwa anajipangia suruali. Alikuwa anapanga matumbo ya watu 100, na robota zile zilibebwa na migongo ya wapagazi ambao hawakuulizwa lolote kuhusu hesabu yake.

Na lile neno marekani, unalijua lilikotoka? Mwaka 1833 Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja akitokea mji wa Salem. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopakwa rangi, kigumu, cha kudumu. Watu wakakipa jina la kwao kilikotoka. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865 pamba ikakatika, na vitambaa vya Uingereza na India vikajaza nafasi. Jina halikufa. Kwa hiyo miaka ile kipande alichojifunga mtu wa Unyanyembe kiliweza kupanda bei kwa sababu ya bunduki zilizolia ng'ambo ya bahari mbili, katika nchi ambayo hakupata kuiona.

Basi nani alivaa nini katika Unguja ya enzi zile? Nguo ilikuwa cheo. Mwanamume mtumwa alijifunga kipande cha marekani kiunoni, kichwa wazi, miguu pekupeku. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Mtu hakuhitaji kuulizwa yeye ni nani, kiuno na kichwa vilishamjibia. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatia saini amri ya kukomesha utumwa. Unajua wengi wa walioachiwa walifanya nini na vijisenti vyao vya mwanzo? Walinunua nguo. Wanawake waliiacha kaniki wakavaa kanga, wanaume wakatia kanzu na kofia.

Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mimi ni mtu wa kubuni hadithi, na hadithi ilikuja yenyewe. Nilimwona mtu mmoja, jina sijampa bado, amechuma karafuu msimu mzima kwa ujira. Anahesabu pesa zake usiku. Chakula kiasi hiki, pango la chumba kiasi hiki, na hizi zilizobaki ni za kanzu. Huenda ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kupanga kitu cha mwaka unaokuja, kwa sababu mtumwa hana mwaka unaokuja, mwaka wake ni wa bwana wake. Siku ya Idi anatoka amevaa. Hakuna aliyempangia. Nawaambieni, washikaji, huyo ndiye bitozi wa kweli, sisi wengine tunaiga.

Lakini historia ina kejeli. Wakoloni walipotamalaki, ile kanzu ya mtu huru ikachukuliwa ikavalishwa boi wa nyumbani. Kanzu nyeupe, mshipi kiunoni, kofia kichwani, sinia mkononi: "Ndiyo, bwana." Kitambaa kilekile, mshono uleule, maana nyingine kabisa. Tarishi na askari wakavalishwa kaptura ya kaki. Mtu mzima, baba wa watoto watano, magoti nje kama mwanafunzi. Babu anasema marehemu baba yake, aliyekuwa tarishi, alikuwa akirudi kazini anaivua kaptura kwanza, anavaa kanzu, ndipo anasalimiana na watu. "Hakutaka watoto tumwamkie akiwa katika magoti ya Mzungu," anasema Babu.

Usidhani Mzungu mwenyewe kule kwao alikuwa huru siku zote. Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, serikali ya Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi Juni 1941. Mwaka wa kwanza kila mtu mzima alipewa kuponi 66, na pesa bila kuponi haikukusaidia kitu. Suti ya mwanamume, yaani koti, kizibao na suruali, ilikula kuponi 26. Viatu kuponi 7. Shati la pamba kuponi 5. Nikachukua daftari langu nikajifanya mwanamume wa London wa mwaka ule: suti moja, viatu jozi moja, mashati matatu. Kuponi 48 zimekwenda, zimebaki 18 za mwaka mzima. Ukirarua suruali Machi, imekula kwako. Serikali ilifika mpaka kwenye mshono: kwa muda ilipiga marufuku hata ule mkunjo wa chini ya miguu ya suruali, maana unakula kitambaa. Mgao ule haukwisha mpaka Machi 1949, karibu miaka minne baada ya vita yenyewe kwisha.

Nilipomsimulia Babu habari za kuponi, alitikisa kichwa. "Kumbe na wao," alisema. Kisha akaongeza, "Ila wao walijua zitakuja ngapi." Maneno hayo sikuyaelewa mpaka alipofika kwenye miaka yake mwenyewe. Lakini twende kwa mpangilio.

Mwaka 1968 Babu alikuwa kijana wa miaka 22, ndiyo kwanza ameanza kukalia cherehani ya miguu barazani, Kariakoo. Uhuru ulikuwa na miaka saba. Mwaka uleule kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa hapa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na watu waliambiana kwamba sasa taifa litajivika lenyewe. Huko Arusha, viongozi walikuwa wamekwisha kuanza kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na ngeu wavae suruali. Kisha Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969 iwe marufuku kuvaa sketi fupi, mawigi na, kwa upande wa wanaume, suruali za kubana. Ilisemwa kwamba mavazi hayo ni ya kikoloni na yanadhalilisha utamaduni wetu. Hata kabla ya Januari kufika, mabinti waliovaa sketi fupi walizomewa na kushambuliwa hapohapo Kariakoo. Hilo Babu aliliona kwa macho yake, na halisimulii kwa raha.

"Sasa sikia mambo ya fundi," aliniambia. "Tangazo limetoka Oktoba, sheria Januari. Miezi mitatu hiyo vijana walikuja na suruali zao za kubana, wananiambia, Fundi, zifumue uzipanue. Nitapanua nini? Suruali ya kubana hainaga akiba ya kitambaa ndani ya mshono! Nikawa natia kipande pembeni, mstari mzima toka kiunoni mpaka mguuni. Mtu anavaa suruali ya kijivu ina mstari mweusi, kama dereva wa gavana."

Nilicheka, lakini fikiria. Vijana wale nao walikuwa wanapanga nguo za mwaka ujao. Wenye pesa walinunua mpya, wasio na pesa walitia kiraka. Mpango wenyewe uliandikwa ofisini na watu waliovaa suti za mtindo wa Chou En-lai, nazo zimetoka China. Hapo nilimchokoza Babu: mbona ya Uchina si ya kikoloni, na ya Ulaya ni ya kikoloni? Akaniambia nisimfundishe siasa, yeye ni fundi. Halafu akanyamaza kidogo akasema, "Lakini na sisi wenyewe tulitaka kitu chetu, mjukuu wangu. Usitucheke sana. Tulikuwa tumevalishwa kaptura miaka mingi mno."

Miaka iliyofuata, suruali yenyewe ikalipiza kisasi. Ilikatazwa kubana, ikaja kupanuka mpaka ikafagia barabara: bugaluu, pekosi, na chini raizoni ya kumwinua mtu mfupi. Babu alishona mpaka akachoka. Kwa wafanyakazi wa ofisi alishona Kaunda suti, koti la mikono mifupi na suruali ya kitambaa hichohicho, bila tai, mtindo uliopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Mtu wa ofisini, anasema, alikuja Januari na kushonesha mbili, moja ya kijivu na moja ya kahawia, akamaliza habari za mwaka. Nimeona ajabu kusoma kwamba Novemba 2023 Bunge la Kenya liliipiga marufuku Kaunda suti ndani ya kumbi zake. Vazi lililoshonwa ili Mwafrika asilazimike kufunga tai, leo linafukuzwa mlangoni na Waafrika kwa kuwa halina tai.

Kisha ukaja wakati ambao Babu anausimulia polepole. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha, mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vya nguo vilikuwepo, Urafiki hapa, Mwatex kule Mwanza, lakini mashine ikiharibika kipuri hakuna. Kitambaa kikapotea madukani. Hapo ndipo nilipoelewa alichosema kuhusu kuponi. Mwingereza alijua ana 66. Babu hakujua ana ngapi wala lini.

"Ulikuwa ukiona foleni unaingia kwanza," alisema, "ndipo unamuuliza wa mbele yako kunauzwa nini. Unapanga viatu, unapata sufuria. Mwaka mmoja duka letu la ushirika lilipata jora za kitambaa cha maua. Nyumba nzima maua! Bibi yako gauni la maua, mimi shati la maua, foronya za maua. Tulikaa sebuleni hatujulikani nani mtu nani mto."

Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Aliniambia kwamba mwaka huohuo walimzika jirani yao kwa shuka la kitandani, maana sanda haikupatikana. "Fundi mimi, na cherehani yangu nzima, nimekosa yadi chache za kumsitiri rafiki." Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, walanguzi wakakamatwa, wengine wakatupa mali porini na baharini. Kitambaa hakikuongezeka kwa hilo. Kilichokosekana ni kitambaa chenyewe.

Bajeti ya Juni 1984 ilifungua kitasa. Mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa, bila kuulizwa sana amezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia madarakani Mzee Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Nguo zikamiminika, na nyingi zilikuwa za mtumba. Watu waliziita kafaulaya, kwa kudhani kwamba mwenye nguo amekufa huko Ulaya. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mtu wa kawaida aliweza kuchagua. Bitozi wa Dar akazaliwa upya, kwa bei ya kikombe cha chai na maandazi mawili.

Na fundi je? Babu ananyoosha vidole vyake. "Mtumba ulinivisha na ukanivua," anasema. Nani atanunua kitambaa, amlipe fundi, asubiri wiki mbili na uongo wa njoo kesho, wakati suruali iliyokwisha shonwa inauzwa pale chini? Mafundi wengi wa baraza lao walifunga cherehani. Babu alibaki kwa kugeuza kazi: kupunguza, kukata mikono, kubana kiuno cha suruali ya mtu mnene wa Ulaya ili imkae mwembamba wa Mbagala. Viwanda navyo vilidhoofika, kimoja baada ya kingine. Sababu zilikuwa nyingi, mitambo mibovu, umeme, madeni, lakini mtumba ulikuwa mmojawapo.

Sasa jiulize: hapo aliyekuwa anapanga ni nani? Serikali imetoka, kuponi hakuna, foleni hakuna. Lakini belo linafungwa mbali. Mtu fulani katika nchi ya baridi anasafisha kabati lake, ndiye anayeamua nini kitafika Karume. Ndiyo maana utakuta koti la theluji linauzwa Ilala mchana wa Februari. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru toka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kunyimwa soko la bure la Marekani. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilikaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru. Unaona? Mwaka 1833 kitambaa cha Marekani kilikuja kipya, na zaidi ya miaka 180 baadaye tukaambiwa tukipokee kikiwa kimevaliwa.

Hapo nilirudi kwa Babu nikiwa nimechemka. Nikamwambia nimeelewa: sare, kaptura, kuponi, operesheni, belo, yote ni kamba. Kwa hiyo mwaka huu sitavaa mpango wa mtu. Na sare ya harusi ya kaka naifuta! Kamati imekaa bila mimi, imechagua suti ya bluu bila mimi, halafu naambiwa nitoe 90,000. Si ndiyo ukoloni huo?

Babu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza.

"Wale wa Unguja uliowasoma," alisema, "waliovua utumwa wakavaa kanzu. Kila mmoja alivaa ya rangi yake?"

"Hapana. Zilikuwa nyeupe karibu zote."

"Basi nayo ilikuwa sare. Kwa nini huisemi vibaya?"

Nilikosa jibu. Akaendelea: "Kuvaa sawa na wenzio si utumwa, mjukuu wangu. Uliza tu: nikikataa, nini kitatokea? Baba yangu angekataa kaptura angefukuzwa kazi. Wewe ukikataa sare, kaka yako ataumia roho, basi. Hapo uamuzi ni wako. Ukitoa, umetoa wewe."

Akalichukua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa jinzi na raba. "Na hizi? Kamati ipi imekupangia hizi?"

Nikatazama chini. Ndugu msomaji, kamati ya zile ninaijua. Hukaa kijiweni kila jioni, haina mwenyekiti, haitoi barua, lakini amri yake inatekelezwa haraka kuliko ya gavana. Ndiyo iliyocheka siku ya koti. Nilikuwa natenga 70,000 ili watu walewale wasinicheke tena, na mswada nimeuandika kwa herufi ndogo chini kabisa, kama mtoto wa kambo.

Tukapiga hesabu upya, mimi na Babu, kwa kalamu ya risasi ili ifutike. Jinzi na raba, nje. Suruali za kushonesha zikawa moja badala ya mbili. Viatu vipya tukavifuta, vya zamani vitatiwa soli kwa 8,000. Koti likabaki, nikalinunue Karume, Babu atalipunguza mabega bila malipo. Sare ya kaka ikabaki, na sasa naitoa kwa moyo. Mswada tukauhamisha, ukawa wa kwanza katika orodha. Jumla mpya 257,000. Nikitoa akiba ya 210,000, nadaiwa 47,000, ambazo kibarua kitazileta mpaka Aprili kama mashine ya fotokopi haitaharibika.

Mimi si mtabiri. Mipango huungua. Wachuuzi wa Karume walikuwa na mipango ya mwaka mzima pale soko lao lilipoteketea Januari 16, 2022, na wengi walianza upya toka sifuri. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na nimegundua kwamba si mali peke yake inayopotea hivyo. Mtu naye hupotea, akapangiwa kaptura, akapangiwa viraka, akapangiwa jinzi, mpaka anazeeka hajui shati gani alilichagua mwenyewe.

Wewe unayesoma, najua una sura yako ya tisa mahali fulani, chini ya godoro au kwenye simu. Mwaka huu ligeuze daftari lako. Andika nguo zako, shati kwa shati, na pembeni ya kila moja andika jina la aliyekupangia. Ukikuta lako halipo hata mahali pamoja, usihuzunike, tuko wengi. Chukua kalamu ya risasi uanze na moja.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Kesho ni Jumamosi, nina safari ya Karume kutafuta koti, na nimeambiwa niwahi kabla belo halijafunguliwa.